Laptopu Nne Zilizokwama Baada ya Sasisho: Uchambuzi wa Kisa cha Shule Moja ya Uwanda wa Kano

Shule inayozungumziwa hapa ni ya upili na ya kutwa, iliyoko katika uwanda wa Kano, kando ya barabara inayotoka Kisumu kuelekea Ahero. Mwanzoni mwa muhula wa pili, laptopu zake nne zilipatwa na tatizo moja kwa usiku mmoja. Kila moja ilipowashwa ilionyesha nembo ya mtengenezaji, ikazungusha vidoti vyake, ikatangaza kwamba inashughulikia masasisho au inarudisha mabadiliko nyuma, kisha ikazima na kuanza upya, na ingeendelea hivyo hadi mtu aikatie umeme. Ya kwanza ilikuwa ya mhasibu, na ndani yake mlikuwa na leja ya karo ya wanafunzi wote. Ya pili ilikuwa ya naibu wa mwalimu mkuu, yenye ratiba na barua za shule. Ya tatu ilikuwa ya idara ya sayansi, ikiwa imehifadhi maswali ya mitihani ya miaka kadhaa. Ya nne ilikuwa ya mwalimu wa Kiswahili, na hiyo nilipofika ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa, ila haikuwa na faili hata moja ya mwenyewe.

Nakieleza kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo sisi mafundi hulipita tukiwa na haraka. Laptopu zote zilionyesha dalili ileile, lakini zile tatu nilizopata nafasi ya kuzichunguza zilikuwa na sababu tatu tofauti, na tiba iliyoiponya moja ingeimaliza nyingine. Anayeshika flashi yenye Windows mpya kabla hajajua anashughulika na sababu ipi hajatengeneza kitu. Amefuta swali pamoja na jibu lake, na mara nyingi amefuta pia kazi ya mtu.

Chanzo cha yote kinaanzia kwenye bando. Kwa muda mrefu walimu walikuwa wakipata intaneti kupitia simu zao, na kwa kuwa bando ni pesa, mmoja wao aliyefahamu mambo alizipanga laptopu zote ziuhesabu mtandao wa simu kuwa mtandao wa kulipiwa kwa kipimo, mpangilio ambao huifanya Windows iahirishe kupakua sehemu kubwa ya masasisho. Ulikuwa uamuzi wa busara, nami nisingeulaumu. Lakini shule ilipovutiwa intaneti ya waya, mtandao mpya wa Wi-Fi haukuwa na mpangilio huo, na laptopu zote zikaanza kupakua kwa mkupuo masasisho ya miezi mingi. Jioni, walimu walipokuwa wakifunga kazi, kitufe cha kuzima kilikuwa kimebadilika na kutoa nafasi ya kusasisha kisha kuzima. Wakakibonyeza, wakaziacha laptopu zikiwa zimechomekwa ukutani, wakaenda zao.

Mkazi wa Kisumu anaijua tabia ya mvua ya upande huu. Mchana upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, hewa yenye unyevu husukumwa juu na miinuko ya Nandi upande wa kaskazini na ya Nyabondo upande wa kusini, na ngurumo huupiga uwanda alasiri na jioni. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo, na umeme ukakatika. Laptopu zenye betri nzima ziliendelea na kazi yake bila habari. Zile zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha tumika Uingereza, ambazo Wakenya tunaziita ex-UK na ambazo ndizo zinazojaa katika ofisi zetu, mara nyingi huja na betri iliyochoka isiyoweza kushikilia chaji hata kwa muda wa kunywa chai, na kwa laptopu ya namna hiyo umeme kukatika ni sawa na kuchomoa waya wa kompyuta ya mezani.

Ili kuona kwa nini kukatika huko kunaumiza, ni lazima kujua sasisho hufanya nini. Windows hupakua vifurushi na kuviweka katika folda ya SoftwareDistribution, kisha huvifungua na kuvipanga katika hazina ya vipengele iliyo ndani ya folda ya WinSxS. Hadi hapo hakuna hatari kubwa, kwa sababu mfumo unaotumika bado haujaguswa. Tatizo ni kwamba faili nyingi za msingi haziwezi kubadilishwa zikiwa zinatumika, kwa hivyo mfumo huandika orodha ya kazi zilizosalia katika faili iitwayo pending.xml, na orodha hiyo hutekelezwa wakati wa kuzima na wakati wa kuwaka tena, kabla mtumiaji hajafika kwenye skrini ya nenosiri. Katika dakika hizo laptopu ni nyumba inayobadilishwa mabati: ya zamani yameng'olewa, mapya hayajapigiliwa, na mvua ikija inakuta pengo. Kwa kawaida Windows huweza kuendelea ilipoachia, au kurudisha kila kitu kilipokuwa. Lakini kama kumbukumbu za kazi hiyo nazo ziliandikwa nusu, mfumo hauwezi kusonga mbele wala kurudi nyuma, na kila ukiwaka hujaribu, hushindwa na kujiwasha upya.

Nilipopigiwa simu, ombi langu la kwanza lilikuwa kwamba zisiwashwe tena hata moja. Kila jaribio la kuwaka huandika kwenye diski, na kama diski yenyewe ndiyo inayokufa, kila jaribio linaisukuma karibu na mwisho. Mhasibu alinipokea kwa swali ambalo kila fundi amelisikia: "Fundi, kwani huwezi tu kuiwekea Windows mpya tuendelee na kazi? Wazazi wako nje wanataka risiti."

"Madam, leja ya karo iko wapi kwingine?"

"Iko humo tu."

Hapo kazi ilijipanga yenyewe: kwanza kutoa data, pili kujua sababu, tatu kutengeneza. Huo ndio mpangilio niliofuata kwa kila laptopu, na naamini ndio unaofaa kufuatwa hata pale mwenye mali anapohimiza.

Laptopu ya nne haikupata bahati ya mpangilio huo. Mwalimu wake aliipeleka mjini asubuhi iliyofuata, na aliyeipokea aliifomati na kuirudisha saa sita mchana ikiwa na Windows mpya. Mwalimu aliniomba nitafute nukuu zake za masomo. Kwenye diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, kufomati kwa haraka huacha sehemu kubwa ya data mahali pake mpaka iandikiwe juu, na programu za kurejesha huweza kuiokota. Kwenye SSD, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka, mambo ni tofauti: Windows inapofomati huijulisha diski, kwa amri iitwayo TRIM, kwamba eneo lote hilo halihitajiki tena, na diski hulisafisha kwa wakati wake bila kuuliza mtu. Programu niliyotumia ilirudisha faili chache zenye majina na ukubwa sahihi lakini zimejaa sifuri ndani. Sikuwa na la kumwambia mwalimu zaidi ya ukweli huo, na aliupokea kwa uchungu nisioweza kuusahau, maana zilikuwa nukuu za tangu alipoanza kufundisha.

Laptopu ya mhasibu ilikuwa HP EliteBook ya kizazi cha sita cha Intel, yenye SSD na betri iliyokufa. Kabla ya kuigusa niliichomeka kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba, iliyokuwa ikihudumia kompyuta ya mezani ya maktaba, kwa sababu kutengeneza sasisho lililokatizwa na umeme huku ukitegemea umeme uleule ni kurudia ajali. Niliiwasha kutoka kwa flashi yenye kisakinishi cha Windows, na badala ya kusakinisha nikachagua ukarabati wa kompyuta, kisha skrini nyeusi ya amri. Hapa pana mtego mdogo unaowakamata wengi: ukiwa umeingia kwa njia hii, herufi za diski hazilazimiki kuwa zile ulizozizoea. Sehemu yenye Windows ilikuwa D, na aliyeandika amri akitaja C angefanya kazi mahali pasipo na kitu na kuamini kwamba tiba imeshindikana.

Nilinakili folda ya watumiaji kwenda diski ya nje kwa amri `robocopy D:\Users E:\nakala /E /XJ /R:1 /W:1`. Kipande cha XJ si pambo. Ndani ya folda za watumiaji wa Windows kuna viungo vinavyojirejelea, na bila kuviruka programu inaweza kuzunguka ndani yake hadi diski ya nje ijae. Leja ilipokwisha nakiliwa niliifungua kwenye laptopu yangu mbele ya mhasibu, naye akakagua majina ya wanafunzi wa kidato cha nne na salio lao, akaniambia ziko sawa. Nakala ambayo haijafunguliwa kwingine haijathibitishwa, na mwenye kuijua data ndiye anayefaa kuithibitisha.

Ndipo nikasoma kumbukumbu. Windows huandika shughuli za masasisho katika faili ya CBS.log iliyoko chini ya Windows\Logs\CBS, na matokeo ya ukarabati wa kuwaka huandikwa katika SrtTrail.txt chini ya System32\LogFiles\Srt. CBS.log ilionyesha kazi ya kusakinisha iliyokatika katikati, ikifuatwa na majaribio ya kurudisha mabadiliko yaliyoishia mahali palepale kila mara, na pending.xml ilikuwa bado ipo. Diski yenyewe ilikuwa nzima kwa vipimo vyake vya afya. Hii basi ilikuwa sababu ya kwanza: kazi iliyoachwa nusu, kwenye chombo kizima.

Menyu ya ukarabati ina chaguo la kuondoa sasisho la karibuni, na hilo ndilo la kujaribu kwanza kwa kuwa halihitaji kuandika amri yoyote. Lilishindwa, kwa sababu sasisho lenyewe lilikuwa halijakamilika kiasi cha kuhesabiwa kuwa limesakinishwa. Nikatumia `dism /image:D:\ /scratchdir:D:\muda /cleanup-image /revertpendingactions`, baada ya kuiunda folda ya muda, kwa sababu mazingira ya ukarabati yana nafasi ndogo ya kufanyia kazi na DISM, programu ya Windows ya kukarabati mfumo, hulalamika ikikosa pa kuwekea vitu. Amri hii ni ya mfumo ulioshindwa kuwaka tu, haitumiki kwenye Windows iliyo hai, na haifanyi kazi yake papo hapo: huacha maagizo kwamba kazi zilizosalia zirudishwe nyuma wakati wa kuwaka kunakofuata. Kwa hivyo kuwaka huko ndiko kulikokuwa na hatari kuliko hatua nyingine zote, na ndiyo maana UPS ilikuwa chini ya meza. Laptopu ilikaa muda mrefu ikirudisha mabadiliko, ikajiwasha mara moja zaidi, kisha ikafika kwenye skrini ya nenosiri. Nilimalizia kwa `sfc /scannow` na `dism /online /cleanup-image /restorehealth`, amri za kukagua na kurekebisha faili za mfumo, na sasisho lilipopakuliwa upya lilikubali bila tatizo.

Wapo wanaoshauri kuifuta au kuipa pending.xml jina jingine kwa mkono. Wakati mwingine laptopu huwaka baada ya hapo, lakini hazina ya vipengele hubaki ikiwa haijui ni faili zipi zilibadilishwa na zipi hazikubadilishwa, na masasisho yanayofuata huanza kukataa mojamoja kwa makosa yasiyoeleweka. Mimi huliacha hilo liwe la mwisho kabisa, data ikiwa imekwisha kutolewa.

Laptopu ya naibu ilinipa kazi ngumu zaidi, na sehemu kubwa ya ugumu huo ililetwa na nia njema. Ilikuwa mpya, iliyonunuliwa katika duka moja la mjini Kisumu, ikiwa na kichakataji cha Intel cha kizazi cha kumi na moja na betri nzima, kwa hivyo umeme kukatika haukuhusika. Naibu alipokuta asubuhi asilimia za sasisho hazisongi, alibana kitufe cha kuwashia hadi ikazima. Mzunguko ulianzia hapo. Kisha mwalimu mwenzake akajaribu kuiwasha kwa flashi ya kisakinishi, na kisakinishi kikasema hakioni diski yoyote. Akahitimisha kwamba diski imekufa, lakini kabla ya kukata tamaa aliingia kwenye bayosi, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na kubadilisha hali ya hifadhi kutoka ile ya Intel kwenda ile ya kawaida iitwayo AHCI, kama alivyowahi kuona ikifanywa. Tangu hapo laptopu ilianza kudai ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48, ule unaofungua diski iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa siri.

Diski haikuwa imekufa. Laptopu nyingi za kuanzia kizazi hicho hutoka kiwandani zikiwa na kidhibiti cha hifadhi cha Intel kiitwacho VMD, ambacho kisakinishi cha kawaida cha Windows hakikibebi draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, kwa hivyo diski haionekani mpaka draiva hiyo ipakiwe kwanza kutoka kwenye flashi. Na Windows iliyosakinishwa chini ya mpangilio mmoja wa hifadhi, ukiubadilisha ghafla kwenye bayosi, inaweza kushindwa kuifikia diski yake yenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kutengeneza sasisho, ilikuwa kutengua matengenezo. Nilirudisha bayosi ilivyokuwa, na badala ya flashi nikaingia kwa mazingira ya urejeshaji yaliyo ndani ya laptopu yenyewe, ambayo mtengenezaji alikuwa ameyawekea draiva hiyo. Diski ikaonekana mara moja, lakini ikiwa imefungwa.

Laptopu mpya zenye Windows hujisimbia diski zenyewe mara nyingi, pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Huo ni ulinzi mzuri dhidi ya wezi, na ni msiba kwa asiyejua akaunti ni ya nani. Naibu alikuwa na hakika kwamba hajawahi kuhifadhi ufunguo wowote, na alikuwa akisema kweli. Tulipoulizana vizuri ilidhihirika kwamba siku ya kununua, kijana wa dukani ndiye aliyeiandaa laptopu, akaifungulia akaunti mpya ya barua pepe kwa jina la shule, akamwandikia nenosiri kwenye kipande cha karatasi ambacho kilikwisha kupotea.

"Mwalimu, risiti bado unayo?" Nilimuuliza.

Alikuwa nayo, na namba ya duka ilikuwa juu yake. Yule kijana alikuwa bado anafanya kazi pale, na akaunti ilikuwa bado imefunguliwa kwenye kompyuta ya dukani, jambo ambalo lilituokoa na wakati huohuo linafaa kumtisha kila anayenunua laptopu iliyoandaliwa na mtu mwingine. Alitusomea ufunguo kwa simu, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Kila fungu hugawanyika kwa 11 bila kubaki kitu, na hivyo ndivyo skrini inavyotambua fungu lililoandikwa vibaya kabla hujamaliza. Tulikosea fungu moja na likakataliwa papo hapo. Tulikuwa tumelinganisha kwanza kitambulisho cha ufunguo kilichoonyeshwa kwenye skrini na kile kilichoandikwa kwenye akaunti, kwa sababu akaunti moja huweza kubeba funguo za kompyuta kadhaa.

Baada ya diski kufunguka, faili zilinakiliwa kama za mhasibu, kisha chaguo la kuondoa sasisho la karibuni, lile lililoshindwa kwa laptopu ya kwanza, lilifanya kazi kwa hii bila amri yoyote. Naibu aliingia kwenye Windows yake na kukuta kila kitu mahali pake. Kabla sijaondoka tulihamishia laptopu kwenye akaunti anayoimiliki yeye, tukaondoa ile ya dukani, tukachapisha ufunguo mpya na kuufungia katika kabati la faili za ofisi ya mwalimu mkuu.

Ya idara ya sayansi ilikuwa na diski ngumu ya sahani, ya gigabaiti 500, na ilikuwa na tofauti moja ambayo wenyewe hawakuitilia maanani: kila ilipowaka ilijaribu kukagua diski, na ukiinamia sikio ulisikia mkwaruzo mdogo unaojirudia. Sikuiwasha kwa Windows wala kwa kisakinishi chake. Niliiwasha kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta usio Windows, bila kuiruhusu iguse diski, nikasoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia, zinazojulikana kama SMART. Kipengele nambari 197, ambacho huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zisizosomeka zinazosubiri uamuzi, kilikuwa katika mamia, na kipengele nambari 5, cha sekta zilizokwisha hamishwa, nacho hakikuwa sifuri. Umeme kukatika hakukuiharibu diski hii. Ilikuwa ikifa polepole, na sasisho, ambalo husoma na kuandika maelfu ya faili kwa mfululizo, ndilo lililoifikisha kwenye sehemu zake mbovu.

Kwa diski ya namna hii, ushauri unaotolewa kwanza na watu wengi ndio unaoiangamiza. Amri ya chkdsk yenye kipande cha /r hulazimisha kila sekta isomwe, hurudia zile mbovu, na hubadilisha mpangilio wa faili kulingana na kile ilichoweza kuona, hata kama ilichoshindwa kuona ndicho chenye thamani. Nilitumia GNU ddrescue, ambayo hunakili kwanza maeneo mazima yote kwa haraka, ikaruka yanayokwamisha, kisha ikayarudia mwishoni kidogo kidogo. Huandika pia ramani ya ilikofika, kwa hivyo hata umeme ukikatika kazi huendelea ilipoachwa. Kwa mazingira yetu sifa hiyo pekee inatosha kuifanya niipende kuliko programu nyingine za kazi hii. Tahadhari ya kununua diski mpya ni ndogo lakini imewakwaza wengi: SSD ya gigabaiti 480 haiwezi kupokea nakala kamili ya diski ya 500. Tulichukua ya 512.

Sehemu kubwa sana ya diski ilisomeka. Ile nakala nilipoiwasha ilikwama kwenye mzunguko uleule, na amri iliyoiponya laptopu ya mhasibu ilikataa, kwa kuwa baadhi ya faili za hazina ya vipengele zilikuwa kwenye sekta zilizokufa. Hapo ndipo usakinishaji mpya ulipopata haki yake. Maswali ya mitihani yalikuwa yamekwisha kutolewa na kukaguliwa na mwalimu wa Kemia, na video chache tu za majaribio ya maabara ndizo zilizokatika katikati. Niliisakinishia Windows upya kwenye SSD, na diski ya zamani nikaiandika tarehe na kuwaachia waihifadhi kama ilivyo. Mimi sina ugomvi na kufomati. Ugomvi wangu ni na kufomati kunakotangulia uchunguzi.

Anayedhani kwamba mzunguko wa kujiwasha upya ni dalili ya mfumo uliooza kabisa na akumbuke tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoziangusha kompyuta za Windows kote duniani, ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Dawa ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja tu, ile iliyoanza na C-00000291. Data ya watu ilikuwa salama ndani ya mashine hizo wakati wote, na kikwazo kikubwa cha mafundi wengi siku ile kilikuwa kilekile cha naibu wetu: ufunguo wa diski iliyosimbwa haukujulikana ulipo.

Shule ilikubali mabadiliko machache. Mtandao wa Wi-Fi sasa umehesabiwa kuwa wa kulipiwa kwenye laptopu zote, na mpangilio huo huondolewa kwa laptopu moja kwa wakati, asubuhi ya Jumamosi, kabla ngurumo hazijaanza, mhasibu akiwa ofisini. Leja ya karo hunakiliwa kila Ijumaa kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa. Nilipima betri zote kwa `powercfg /batteryreport`, ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa, na zile zilizoshuka chini ya nusu ziliwekwa kwenye orodha ya kununuliwa, ya mhasibu ikiwa ya kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo halikumalizika. EliteBook ya mhasibu, kama laptopu nyingine za kizazi cha sita cha Intel, haimo katika zile ambazo Microsoft inazikubali rasmi kwa Windows 11, na Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza wa usalama kwa watumiaji binafsi unafika Oktoba 2026. Bodi ya shule imeombwa iamue kabla ya hapo kama itanunua laptopu nyingine kwa ajili ya leja, au kama mhasibu atahamia kwenye Linux, ambayo tayari ameijaribu kutoka kwenye flashi na kuifungulia leja yake kwa LibreOffice, programu ya ofisi isiyo ya Microsoft. Alisema safu za salio zimetokea sawa, ila fomula mbili za jumla ya karo anataka tuzikague pamoja.